Mtumishi wa Nani? Miaka 70 ya NASW na Maadili Yake

Tarehe 1 Oktoba 1955, vyama saba vya wataalamu wa ustawi wa jamii nchini Marekani viliacha majina yao na kuwa chama kimoja. Kulikuwa na chama cha wanaofanya kazi hospitalini, kilichoanza 1918. Cha wanaofanya kazi shuleni, cha 1919. Cha wataalamu wote kwa ujumla, cha 1921. Cha wanaohudumia wagonjwa wa akili, cha 1926. Cha wanaofanya kazi na vikundi, cha 1936. Cha wanaoratibu shughuli za jamii mitaani, cha 1946. Na cha watafiti, cha 1949. Chama kipya kiliitwa Chama cha Kitaifa cha Wataalamu wa Ustawi wa Jamii, na kwa kifupi chake cha Kiingereza kinajulikana kama NASW. Nathan Cohen alikuwa rais wake wa kwanza, na Joseph Anderson mkurugenzi mtendaji wa kwanza.

Leo chama hicho kimetimiza miaka 70 na kina wanachama zaidi ya laki moja. Yako mengi ya kukisifia, lakini nimechagua kufuata jambo moja, yaani Kanuni za Maadili zake, kwa sababu humo ndimo swali gumu kuliko yote ya taaluma hii limekuwa likijibiwa, likafutwa na kujibiwa upya. Mtaalamu wa ustawi wa jamii ni mtumishi wa nani? Mshahara hulipwa na serikali au shirika. Anayeketi mbele yake ni mama aliyefukuzwa kwenye nyumba, mtoto aliyepigwa, mzee asiye na wa kumtunza. Nje ya ofisi ipo jamii inayotaka haki itendeke kwa wote. Siku nyingi watatu hawa hawagombani. Maadili yaliandikwa kwa ajili ya ile siku wanapogombana.

Swali hilo ni la zamani kuliko chama chenyewe. Mwaka 1889 Jane Addams na Ellen Gates Starr walifungua Hull House katika mtaa wa wahamiaji maskini wa Chicago, wakaishi humohumo na wale waliotaka kuwasaidia. Majirani zao hao waliwafundisha kuwa takataka zisizozolewa, viwanda vinavyoajiri watoto na sheria zisizowalinda wanawake haviponi kwa kapu la chakula. Kwa hiyo wakaenda bungeni. Sheria ya viwanda ya Illinois ya 1893, ambayo Florence Kelley wa Hull House aliipigania kisha akateuliwa kusimamia utekelezaji wake, ni tunda la mtaa ule, na mahakama ya watoto ya Chicago ya 1899 nayo ilipiganiwa na wanawake wa nyumba ile. Upande wa pili walikuwapo wa vyama vya hisani, waliopita nyumba kwa nyumba wakipeleleza nani anastahili msaada na nani hastahili. Mary Richmond alitoka upande huo, na kitabu chake cha 1917, Social Diagnosis, kilifanya upelelezi ule kuwa elimu yenye utaratibu. Rasimu ya kwanza inayojulikana ya maadili ya kazi hii, ya mwaka 1920 hivi, inahusishwa na jina lake.

Katikati ya hayo, mwaka 1915, wataalamu hao walikutana Baltimore na kumwalika Abraham Flexner, yule aliyekuwa amevikosoa vyuo vya udaktari vya Marekani bila huruma, awaambie kama kazi yao ni taaluma. Aliwaambia bado. Neno lile liliwauma kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya juhudi zao za baadaye, vyuo, vyeti, vyama, na hata maadili yaliyoandikwa, ilikuwa njia ya kumjibu Flexner. Hili lina uzito wake. Mtu anayeandika maadili ili aheshimiwe na madaktari na mawakili hataandika yaleyale ambayo angeandika kama angekuwa anamfikiria mteja peke yake.

Aliyeliona hilo mapema kuliko wengi ni Bertha Capen Reynolds. Mwaka 1934, wakati mdororo mkubwa wa uchumi umewatupa mamilioni nje ya ajira, alichapisha andiko liitwalo Between Client and Community, akiuliza mtaalamu anasimama wapi kati ya mteja na jamii inayomlipa. Alishirikiana na vijana wa ofisi za misaada waliokuwa wakiunda vyama vya wafanyakazi, akasema wazi kwamba mwenye haki ya kwanza ya kuupima msaada ni yule anayeupokea. Mwaka 1938 ilimbidi aondoke Smith College, alikofundisha. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alifanya kazi na chama cha mabaharia, ambako wanachama wenyewe ndio walioamua huduma iendeshwe vipi, kisha milango ya ajira ikafungwa mbele yake. NASW ilipozaliwa, mwanamke huyu, mmoja wa wenye fikra kali kuliko wote katika taaluma, alikuwa amestaafu kijijini kwao Massachusetts. Ninaona ni haki atajwe katika kila maadhimisho ya chama hiki.

Kanuni za kwanza za NASW zilipitishwa na Mkutano wa Wajumbe tarehe 13 Oktoba 1960. Zilitosha ukurasa mmoja: utangulizi mfupi, kisha ahadi 14, kila moja ikiwa katika nafsi ya kwanza kama kiapo. Nitatunza faragha ya ninaowahudumia. Nitafanya kazi niliyosomea na kuiweza. Nikizungumza hadharani nitatofautisha maoni yangu na ya taasisi yangu. Maslahi yangu binafsi hayatatangulia wajibu wangu. Ahadi iliyobeba zote ilisema wajibu wa kwanza ni ustawi wa mtu au kundi linalohudumiwa, na ndani ya wajibu huo ikaingizwa kazi ya kuboresha hali za jamii. Kwa hiyo kumhudumia mteja na kuitetea jamii yake viliwekwa katika sentensi moja. Addams na Richmond walipatanishwa kwenye karatasi.

Lakini lipo jambo ambalo ukurasa ule haukulitaja. Februari ya mwaka uleule, wanafunzi wanne weusi walikaa kwenye kaunta ya duka huko Greensboro, North Carolina, wakaagiza kahawa na kunyimwa, na nchi nzima ikatikisika. Miezi minane baadaye, chama cha watu ambao kazi yao ni utu wa binadamu kilitoa ahadi 14 bila hata moja inayokataza ubaguzi. Ahadi hiyo ya 15 iliongezwa mwaka 1967: kutobagua kwa rangi, dini, umri, jinsia wala asili, na kufanya kazi ya kuuondoa ubaguzi huo katika huduma na katika ajira. Ilikuwa miaka mitatu baada ya serikali yenyewe kupitisha Sheria ya Haki za Kiraia.

Wakati huohuo swali la utumishi lilipata mtihani wake mkubwa kwingine, katika wilaya ya Alameda, California. Siku hizo, mama mwenye watoto aliyepokea msaada wa serikali aliweza kukatiwa msaada huo kama ingeonekana kuna mwanamume anaishi naye, hata kama mwanamume huyo hakuwa baba wa watoto wala hakuwa na wajibu wowote wa kuwalisha. Januari 1963 viongozi wa wilaya waliagiza msako. Uliitwa Ukaguzi wa Vitanda. Maofisa walipangwa wawili wawili, waende kwenye nyumba za wateja Jumapili alfajiri, watu wakiwa bado wamelala. Mmoja abishe hodi mbele, mwingine akae mlango wa nyuma ili asitoroke mtu. Wa mbele akishaingia amfungulie mwenzake, kisha wapite chumba kwa chumba wakitazama vitandani, kabatini na bafuni. Wengi wa wenye nyumba hizo hawakuwa wakishukiwa kosa lolote.

Ofisa mmoja, Parrish, alikataa. Aliona kuwa msako ule unavunja haki za watu walewale aliokabidhiwa awasaidie; na kwa kweli ofisa akishapekua kabati la mama yule alfajiri hawezi kurudi Jumatano kumuuliza habari za mtoto anayeugua na kutarajia aambiwe kweli. Akafukuzwa kazi kwa kosa la kutotii amri. Kesi yake ilipanda hadi Mahakama ya Juu ya California, na mwaka 1967 majaji waliamua kuwa misako ile ilivunja katiba. Idhini ya mama aliyefungua mlango haikuhesabika kuwa idhini, walisema, kwa kuwa alijua akikataa anaweza kupoteza chakula cha wanawe. Parrish arudishwe kazini na alipwe mshahara wake wote uliozuiwa. Mwaka uliofuata, katika kesi ya King dhidi ya Smith, Mahakama Kuu ya Marekani iliiangusha kanuni ya Alabama iliyomgeuza mgeni wa mama kuwa baba mbadala wa watoto wake.

Tazama kilichomwokoa Parrish. Ilikuwa katiba. Maadili ya chama yalikuwa na miaka miwili na ushei tu wakati wa msako, na ahadi zake nzuri hazikusema lolote la kumsaidia mtu ambaye mkubwa wake wa kazi amemwagiza atende uovu. Maofisa wenzake waliokwenda kubisha hodi alfajiri ile hawakuwa watu wabaya kuliko wengine. Walikuwa na kodi ya nyumba na watoto wa kusomesha, na hakukuwa na kifungu cha kuonyesha wala chama cha kusimama nyuma yao. Katika historia yote ya miaka 70 naona hapa ndipo chama kilipojifunza kwamba dhamiri ya mtu mmoja inahitaji maandishi ya kuegemea.

Mwaka 1968 pigo lilitoka ndani. Katika mkutano wa kitaifa wa ustawi wa jamii uliofanyika San Francisco mwezi Mei, wiki chache baada ya kuuawa kwa Martin Luther King, wataalamu weusi walitoa madai yao, hawakuridhika na majibu, wakatoka. Waliunda chama chao cha kitaifa na wakaandika maadili yao, yaliyosema kitu ambacho yale ya NASW hayangethubutu. Yalimtaka mtaalamu amchukulie kila mtu mweusi kuwa ndugu wa ukoo mmoja mpana na asitenganishe hatima yake na ya mteja wake. Msomaji wa Afrika Mashariki haoni ajabu hapo; ni udugu anaoujua. Lakini taaluma ile ilikuwa imefundishwa kujitenga kidogo na mteja ili imwone vizuri, na kauli hii ilikuwa mapinduzi.

NASW ilijibu kwa njia yake. Kuanzia 1969 hadi 1971 rais wake alikuwa Whitney M. Young Jr., mkurugenzi wa National Urban League na mmoja wa viongozi wakuu wa harakati za haki za weusi, ambaye elimu yake ilikuwa hiihii ya ustawi wa jamii. Alikisukuma chama kizungumzie umaskini, vita vya Vietnam na ubaguzi kama mambo ya taaluma, yasiachiwe wanasiasa. Hakumaliza kazi hiyo. Machi 1971, akiwa Lagos, Nigeria, kwenye mkutano wa Waafrika na Wamarekani, alifariki dunia alipokuwa akiogelea baharini. Alikuwa na miaka 49.

Toleo la 1979, lililoandaliwa na jopo la Charles Levy, liliachana na kiapo cha nafsi ya kwanza na kuwa mfumo wa kanuni zilizogawanywa sehemu sita: mwenendo wa mtaalamu, wateja, wenzake, waajiri, taaluma na jamii. Lilikuwa refu na makini zaidi, ingawa lilipoteza ule mguso wa mtu anayesema “mimi”. Muongo uliofuata haukuwa na mengi ya kusimulia. Tume ya serikali ya biashara iliona kuwa vifungu vilivyokataza kuchukua wateja wa wenzako na kulipana kwa ajili ya rufaa vinazuia ushindani, na mwaka 1990 vikarekebishwa. Kwangu ni ishara ya jinsi kazi ilivyokuwa imesogea kutoka ofisi za misaada kuelekea vyumba binafsi vya ushauri nasaha vyenye ankara.

Mwaka 1996 ni mwaka wa kusimama nao, kwa kuwa mambo mawili yalikutana.

La kwanza lilianza kwa kifo. Juni 1991, polisi mmoja wa kike katika mji wa Hoffman Estates, Illinois, Mary Lu Redmond, aliitwa kwenye ugomvi na akampiga risasi kijana aitwaye Ricky Allen, akafa. Baada ya hapo Redmond alikwenda kwa mtaalamu wa ustawi wa jamii mwenye leseni ya tiba, wakakutana mara 50 hivi. Familia ya Allen ilifungua kesi na kutaka maandishi ya mazungumzo yale. Mtaalamu alikataa kuyatoa. Redmond alikataa pia. Jaji akaliambia baraza la wazee wa mahakama kuwa wako huru kudhani maandishi hayo yana jambo baya dhidi ya polisi yule, na baraza likaipa familia zaidi ya dola 500,000. Shauri likapanda hadi Mahakama Kuu ya Marekani. Juni 1996, kwa kura saba dhidi ya mbili, majaji walisema mazungumzo ya tiba ya nafsi yanalindwa na siri hata mbele ya mahakama za shirikisho, na kwamba ulinzi huo unamfika mtaalamu wa ustawi wa jamii kama unavyomfika daktari wa akili. Jaji Stevens, aliyeandika uamuzi, alitoa sababu inayopaswa kukumbukwa na kila mwenye kazi hii: wataalamu wa ustawi wa jamii ndio wanaotoa sehemu kubwa ya tiba ya akili, na wateja wao mara nyingi ni maskini wasioweza kumlipa daktari. Kuwanyima hao siri ingekuwa kuiuza siri kwa wenye fedha. Jaji Scalia alipinga vikali. Mimi sioni jibu bora kwa Flexner kuliko lile, miaka 81 baada ya Baltimore.

Haki ya kutunza siri ilikuwa na mpaka, nao ulichorwa kwa damu. Mwaka 1969 mwanafunzi Tatiana Tarasoff aliuawa huko Berkeley na kijana aliyekuwa amemwambia mtaalamu wa chuo kuwa atamuua. Polisi waliarifiwa, lakini binti na wazazi wake hawakuonywa. Mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya California iliweka wajibu wa kumlinda anayetishiwa. Siku hizi vyuo vingi vya ustawi wa jamii Marekani hufundisha kesi hizi mbili, ya Redmond na ya Tarasoff, pamoja.

La pili la 1996 ni kanuni mpya zenyewe. Kamati iliyoongozwa na Frederic Reamer iliandika upya kila kitu, na Mkutano wa Wajumbe ukapitisha toleo lenye viwango 155, lililoanza kutumika 1 Januari 1997. Lilijengwa juu ya tunu sita: huduma, haki ya kijamii, utu na thamani ya mtu, umuhimu wa mahusiano, uadilifu, na umahiri. Ukilisoma taratibu unasikia sauti za wote waliotangulia. Linasema maslahi ya mteja ndiyo ya kwanza, lakini linakiri kuwa sheria au usalama wa wengine unaweza kuyapita; hapo ni Tarasoff. Linasema mtaalamu asikubali sera, taratibu au amri za mwajiri zimzuie kutenda kwa maadili. Hapo, miaka 33 baada ya alfajiri ya Alameda, ni Parrish. Na sehemu yake ya mwisho inamtaka mtaalamu ashiriki katika siasa na uchechemuzi ili watu wote wapate mahitaji, rasilimali na nafasi, hasa wanyonge na wanaokandamizwa. Haimwachii achague. Mtu anayehudumia mteja mmoja mmoja kwa ustadi na kukaa kimya juu ya kanuni inayowaumiza wote hajatimiza maadili yake.

Kuna kifungu kidogo ambacho kinatuhusu sisi wasemaji wa Kiswahili moja kwa moja. Kanuni zinataka mteja asiyeelewa lugha ya ofisi apatiwe mkalimani anayefaa. Maelfu ya Wakongo waliopewa hifadhi Marekani, wengi baada ya miaka mingi katika kambi za Tanzania, Uganda, Burundi na Rwanda, wanaingia ofisi hizo wakizungumza Kiswahili. Mara nyingi mkalimani anatoka jamii ileile. Anasali kanisa lilelile, na pengine walikuwa kambi moja. Mama anayetaka kueleza kipigo cha mumewe anamtazama mkalimani kwanza, na akimtambua anasema “tuko salama tu, tunashukuru”. Ofisa anaandika kuwa familia iko salama. Uadilifu hapo unadai zaidi ya kutafuta mtu anayejua lugha. Mama aulizwe, kabla ya mazungumzo kuanza, kama yuko huru na mkalimani yule, na ikiwezekana atafutwe mwingine wa mji wa mbali kwa simu. Tena asiwe kamwe mtoto wake aliyejifunza Kiingereza shuleni. Wale wenzetu ambao sasa wameajiriwa kama maofisa wa mashirika ya kupokea wakimbizi wanabeba mzigo mzito zaidi, kwa kuwa mteja wa leo asubuhi ni mjomba wa jioni kwenye arusi. Kanuni zinakataza uhusiano wa pili unaoweza kumdhuru mteja au kumfanya atumiwe, na pale usipoweza kuepukika zinamtaka mtaalamu aweke mipaka iliyo wazi. Zimeandikwa na watu wa miji ambamo unaweza kumkwepa jirani. Jamii za Kiswahili hazina nafasi hiyo, na utaratibu wa kuiweka mipaka hiyo bila kuvunja undugu bado wanautengeneza wenyewe kila siku.

Yaliyofuata 1996 yalikwenda kwa hatua ndogo. Mwaka 2008 hali ya uhamiaji iliingizwa katika mambo yasiyoruhusiwa kumbagulia mtu. Mwaka 2017 zilipitishwa kanuni za teknolojia: mtaalamu asimpekue mteja mitandaoni bila ridhaa, isipokuwa kuna sababu nzito ya kitaaluma. Oktoba 2020 bodi ya leseni ya Texas ilifuta katika kanuni zake ulinzi kwa watu wenye ulemavu na kwa misingi ya mwelekeo wa kijinsia na utambulisho wa jinsia. Wataalamu wa jimbo hilo na tawi la NASW walipaza sauti, na katika wiki mbili bodi ikarudisha ilichofuta.

Sifa zote hizo zisingekuwa na maana kama chama kisingefanya kilichofanya Juni 2021. Kiliomba radhi hadharani kwa mchango wa taaluma katika ubaguzi. Hakikujificha nyuma ya maneno ya jumla. Kilitaja nyumba za misaada zilizojengwa na kuendeshwa kwa ubaguzi wa rangi. Wataalamu mashuhuri walioshabikia nadharia za kuboresha kizazi kwa kuzuia “wasiofaa” kuzaa. Na mchango wa kuwaandikisha wanaume weusi katika utafiti wa Tuskegee, ambako kuanzia 1932 hadi 1972 wanaume 399 wenye kaswende waliachwa bila tiba ili madaktari watazame ugonjwa unavyowamaliza. Kilitaja watoto wa Wenyeji wa Marekani walioondolewa kwa wazazi wao. Uondoaji huo ulikithiri kiasi kwamba kabla ya sheria ya 1978 ya kuwalinda watoto hao, kati ya robo na theluthi ya watoto wao walikuwa wametengwa na familia zao.

Kilitaja pia kambi za Wajapani. Februari 1942 Rais Roosevelt alitia saini amri iliyosababisha watu wapatao 120,000 wenye asili ya Japani, wengi wao raia, wafungiwe kambini. Kwenye vituo vya kujiandikisha, wataalamu wa ustawi wa jamii waliketi mezani na kuihoji kila familia: nani mgonjwa, nani mjamzito, mzee gani anahitaji kubebwa. Kila familia ilipewa namba, na namba hiyo ikafungwa kwa lebo kwenye mizigo na kwenye makoti, ya watoto pia. Wengi wa maofisa wale walifanya kazi yao kwa upole. Walitafuta maziwa ya watoto, wakahakikisha bibi hatenganishwi na wajukuu. Na upole huo ndio uliofanya uonevu uende bila vurugu. Sijui somo lolote la maadili lililo gumu kuliko hili kwa mtu mwenye moyo mwema aliyeajiriwa na serikali. Mtu anaweza kutimiza kila kifungu kuhusu heshima kwa mteja, meza kwa meza, na bado akawa anasukuma gurudumu la dhuluma, kwa sababu hakuuliza meza yenyewe imewekwa kwa ajili gani.

Radhi ile ilidai matendo, na moja limeshaanza kuleta mvutano. Ili kupata leseni, mtaalamu Marekani hufanya mtihani unaoandaliwa na shirikisho la bodi za usajili. Mwaka 2022 shirikisho hilo lilichapisha takwimu lilizokuwa halijazitoa kabla: katika mtihani wa ngazi ya tiba, Wazungu wapatao asilimia 84 walifaulu mara ya kwanza, na weusi asilimia 45. Wote hao walikuwa wamesomea taaluma ileile. Februari 2023 NASW, iliyokuwa imepigania leseni kwa miongo mingi kama ngao ya mteja dhidi ya matapeli, ilitangaza kuupinga mtihani huo. Bodi za majimbo mengi bado zinauhitaji, na watunga sheria wa jimbo moja baada ya jingine wanasikiliza hoja za pande zote mbili. Takwimu zilezile zilionyesha pia kuwa wanaofanya mtihani huo huku Kiingereza si lugha yao ya kwanza hufaulu kwa kiwango cha chini. Humo wamo Wakenya, Watanzania na Wakongo wenye shahada ya uzamili, ambao mchana kutwa wanawahudumia wateja kwa Kiswahili katika ofisi zisizo na mtu mwingine anayekijua, na usiku wanarudia maswali ya mazoezi wakisubiri tarehe nyingine ya mtihani.